Nyumba Tatu za Laivu na Mbuzi wa Shangazi

Tulifukuzwa kwa sababu ya matako ya mtoto wa jirani.

Nilikuwa nashona. Mdogo wangu wa kike alishika simu, akiwaonyesha watu jinsi ninavyopachika mkono wa gauni la kikwembe, kitenge chetu, na nyuma yetu, upande wa uani, jirani alikuwa anamwogesha mwanawe katika beseni. Mtoto akaruka kutoka majini, akapita nyuma ya cherehani yangu vilevile alivyozaliwa, akatucheka, akarudi kwenye beseni lake. Sekunde tano, labda sita. Skrini ikazimika. Yakaja maandishi ya Kifaransa kwamba tumevunja sheria, na kwamba kwa siku saba hatutaruhusiwa kurusha tena matangazo ya moja kwa moja, yale ambayo sisi tunayaita laivu.

"Yaya, banatufukuza!" mdogo wangu akasema. Yaya ndiye mimi. Kwetu ndivyo anavyoitwa mzaliwa wa kwanza.

"Sababu ya nini?"

"Banasema tulionyesha mutoto uchi."

Jirani akainua kichwa. "Mutoto wangu? Mais, lakini alikuwa ananawa! Bo kwao hapana kunawa?"

Tulicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini kesho yake mchana simu ikalia kutoka Beni, na hapo kicheko kikapungua. Alikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameteleza shambani na kuvunjika mguu, na tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti chake na plasta mpaka juu ya goti. Mdogo wetu wa kiume, anayefanya kazi Beni na kulala kwa shangazi, alimfundisha kufungua laivu yetu. Kila mchana alikuwapo. Alitutumia yale maua ya kwenye skrini, moja tukianza na moja tukimaliza, kama mtu anayetoa sadaka misa mbili.

"Munafunga atelier ya kushona?" akauliza. "Miye nimekaa hapa tangu saa nane naangalia simu nyeusi."

"Hapana, shangazi. Banatupa punition, azabu ya siku saba."

"Nani anaweza kukupa punition weye? Umuri wako wote huu?"

Ndipo nikaamua kusoma sheria.

Sikumaliza shule. Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, nikiwa darasa la pili la sekondari, nikakunja sare na kukaa kwenye cherehani ya mama ili wadogo zangu wawili waendelee. Wakaendelea, wakamaliza wote wawili. Silalamiki. Cherehani ile imenipenda kuliko hesabu ilivyowahi kunipenda. Lakini Kifaransa kirefu, kile cha mistari midogo isiyo na picha, kilinitoa jasho. Wadogo zangu husoma haraka kwa sababu wanaruka. Mimi sijui kuruka, kwa hiyo hupita kila neno, kama mtu anayetafuta chawa katika pindo.

Nilichukua daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, nikachora nguzo tatu za kuandikia, kwa sababu tulikuwa na akaunti katika majukwaa matatu na kila moja lilikuwa na tabia yake. Majina yao ya kweli yalinichanganya, nikayapa yangu. La kwanza, lile la vijana lenye kelele isiyoisha, ndilo lililotufukuza, nililiita Soko. La pili, ambako utamkuta kila mjomba na kila uliyepata naye komunyo ya kwanza, nililiita Parokia. La tatu, lile la video ndefu, nililiita Shule, kwa sababu linahifadhi kila kitu na linahesabu makosa yako: moja, mbili, ya tatu unaenda nyumbani na mkoba wako.

Tangu mlangoni, pa kuruhusiwa kufungua laivu, walikuwa tofauti. Parokia iko wazi, ingia. Soko linataka kwanza uwe na watu wa kutosha wanaokufuata, yaani usije kuuza kabla hujajulikana. Shule inakusikiliza, inachukua namba yako ya simu, halafu inakwambia urudi kesho, kama bureau ya commune, ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa muziki, mkali ni Parokia. Siku moja redio ya kinyozi wa jirani iliingia katika laivu yetu, wakatunyamazisha kabisa. Dakika nzima mdogo wangu alionekana anafungua mdomo kama samaki wa ziwani Vitshumbi. Kwa damu, Soko halitaki kuiona hata ya kuku. Parokia inaweka pazia na kumuuliza mtazamaji kama ana moyo. Shule inauliza sababu: unachinja kwa kujifurahisha au unafundisha kupika? Ukiwa unafundisha, inakusikiliza. Kwa pombe, Soko linasema usinywe mbele yangu, Parokia inasema kunywa lakini usiuze, Shule inasema sawa, lakini watoto watoke.

Kuhusu watoto wote watatu walikuwa wakali, na hapo sikubishana nao. Nimelea watoto. Nilikuwa nimeona maneno ambayo watu wasiojulikana walimwandikia binti wa mteja wangu siku alipokaa peke yake mbele ya simu akisubiri sketi. Niliandika sheria hiyo katika nguzo zote tatu na kuipigia mstari, na tangu siku hiyo beseni la jirani lilihamia nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na sheria moja ya Soko niliyoiona ya kijinga. Ukiacha simu inaonyesha kiti bila mtu, wanakuonya, ukiendelea, wanafunga. Nikaandika kwa kalamu ya bic nyekundu: KITI TUPU HAPANA. Nikajiuliza ni mtu gani mwenye akili atawasha laivu halafu aondoke.

Habari za daftari zikatembea Kimemi, mtaa wetu wa Butembo. Wakaanza kuja watu wenye simu zao: mama anayepika sombe, kisamvu, mbele ya kamera, motari mmoja wa pikipiki, mchekeshaji, hata mchinja nguruwe aliyekuwa amefukuzwa mara mbili na bado hajui kisa.

"Donc, basi miye niende wapi?" akaniuliza, amekaa kwenye benchi la wateja na viatu vyake vya mpira.

"Soko hapana. Hata ukiosha kisu hapana. Nenda Shule, useme iko somo."

"Somo ya nini?"

"Ya kukata nyama vizuri. Si unajua kukata vizuri?"

Alifikiri. "Miye mwalimu," akasema polepole, na akatoka amenyoosha mgongo. Mwezi uliofuata aliniletea ini limefungwa katika jani la mgomba. Mimi niliyeacha shule nilikuwa nimempa mtu ualimu.

Halafu mdogo wangu wa kike akachumbiwa.

Kijana ni wa Kayna, kusini kabisa, safari ndefu na gari. Wakwe wakapanga siku ya kuleta mbuzi wa mahari. Sasa, katika ukoo wetu binti haondoki bila neno la dada ya baba. Yeye hupewa mbuzi wake peke yake. Anamtazama kijana usoni, anachukua maji kinywani, anayapulizia mikono ya binti. Ndipo inakwisha. Kama hajafanya hivyo, wakwe wanakula, wanashukuru, wanarudi kwao bila bibi arusi, na siku nyingine inapangwa.

Shangazi alikuwa Beni na plasta yake. Barabara ya Beni ina siku zake, na hata siku nzuri haifai kwa mguu uliovunjika. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake wa kumfuata na msemaji wa ukoo, alijaribu kumshawishi amtume mtu amsemee.

"Nitasema kwa mudomo yangu," shangazi akajibu. "Mudomo haikuvunjika."

Tulijaribu kumpigia simu ya video ya kawaida. Mara mbili picha iliganda, shangazi akabaki na jicho moja limefumba kwa robo saa. Kilichoshika ni Soko tu: lile dirisha la pembeni unapomwalika mgeni katika laivu yako. Huko picha inafifia, lakini sauti haikatiki. Kwa hiyo harusi ya mdogo wangu ilibidi ipite katika nyumba kali kuliko zote, na sisi tulikuwa tayari na kosa moja katika kitabu chao. Onyo lilisema wazi: kosa la pili, mlango unafungwa kwa muda mrefu. Wakifunga katikati ya sherehe, shangazi anapotea, wakwe wanarudi Kayna mikono mitupu, na sanduku la mdogo wangu, ambalo lilikuwa limefungwa tayari chini ya kitanda, linafunguliwa tena.

Wiki nzima nilitembea na daftari kama katekista. Mbuzi wa karamu wachinjwe nyuma ya nyumba, mbali na simu. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iingie katika mabirika ya chai. Watoto wote waende kwa jirani wa beseni, aliyekubali kwa furaha kwani alijiona ana deni. Sonorisation, vile vipaza sauti, hapana, wamama wa jumuiya wataimba wenyewe na ngoma zao.

"Yaya," mdogo wangu akaniambia, "hii ni arusi ao ni mutihani?"

"Ni mutihani. Weye vaa."

Siku ikafika. Jua zuri, lile la Butembo linaloangaza bila kuchoma. Tulifunga shitingi, turubai la kivuli, uani, viti vyetu upande huu, vya wakwe upande ule. Simu niliiweka juu ya cherehani ya mama, niliyoitoa nje na kuifunika kitambaa cheupe, ikitazama viti vya ukoo wetu. Katika dirisha la pembeni alikuwapo shangazi, kitambaa cha kichwa kipya, na nyuma yake mkono wa mdogo wetu wa kiume umeshika chupa ya maji. Watu wetu wa Goma, Bunia na Kampala wakaanza kuingia na maua yao.

Wasemaji wakaanza kutupiana maneno, kama inavyotakiwa, baba mdogo kwanza, kisha msemaji wa Kayna.

"Mulitoka Kayna na hii vumbi yote kutafuta nini? Kwenu hakuna babinti?"

"Biko. Mais hawa benu banajua kushona, na sisi nguo zetu zimepasuka njiani!"

Shangazi alicheka mpaka skrini ikatikisika. Mbuzi wakapita mmoja mmoja, na yule wa shangazi kati yao. Mabirika yakazunguka, na mjomba mmoja wa Kayna alijimiminia "chai" bila kujua, akanywa, akasimama kidogo, akaomba chai nyingine. Nilitazama skrini: hakuna onyo. Nilikuwa nimefikiria kila kitu.

Ndipo baba mdogo akasimama. "Wakwe, tumesikia. Tupeni nafasi twende kando."

Kwenda kando ni desturi ambayo sijawahi kuona sherehe bila yake. Ukoo wa binti unaondoka wote, unajitenga mahali pa siri, unaamua, unarudi. Nani asiyejua hilo? Na wote wakainuka, viti vikabaki mstari mzima bila mtu, wakaelekea kwenye migomba nyuma ya nyumba. Baba mdogo akageuka na kuniita:

"Leo na weye uko mukubwa. Kuja."

Sijui kama alijua alichonipa. Katika kando ya ukoo wetu wanawake wanaoingia ni wale waliozaa binti au wanaosimama mahali pa aliyemzaa. Nilianza kuwafuata. Nilikuwa nimepiga hatua nne nikasikia simu inalia nyuma yangu, nikageuka, nikaona mstari wa maandishi umepanda juu ya viti vyetu: hakuna mtu anayeonekana, matangazo yatafungwa.

KITI TUPU HAPANA. Kwa bic nyekundu.

Nikarudi. Nikakaa kwenye kiti cha katikati. Onyo likatoka.

Mimi si mtu wa kuonekana. Katika laivu zetu watu wanajua mikono yangu tu. Sasa nilikuwa nimekaa peke yangu, mbele yangu simu, nyuma ya simu ukoo mzima wa Kayna unanitazama, na nikiinuka inafungwa. Nilisalimia Goma. Nilisalimia Bunia. Nikaishiwa miji. Basi nikafungua daftari, nikaanza kuwasomea.

"Parokia," nikasema, "muziki ya redio hapana. Shule, makosa tatu, unaenda."

"Na hapa kwa Kayna?" mjomba wa chai akapaaza sauti. "Sheria iko namna gani?"

"Kayna, chai mbili inatosha."

Uwanja mzima ukacheka. Maua yakamiminika. Nikaanza kuona kwamba naweza, nikasoma habari ya mchinja nguruwe na ualimu wake, nikawaonyesha hata jedwali la kuzidisha. Kutoka Beni shangazi hakucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu mpaka nikaona paji tu.

"Sasa weye unafanya nini hapo?" akauliza. "Kando iko fasi gani?"

"Kwenye migomba, shangazi."

"Na weye?"

"Nikiondoka banafunga. Kiti hairuhusiwi kubakia tupu."

"Donc kwa migomba, nani anasema kwa fasi ya mama yako?"

Nilitazama daftari. Hakukuwa na nguzo ya hilo.

"Hakuna mutu, shangazi."

"Na kwa fasi ya dada ya baba yako? Bataamua bila miye, halafu banipe maji nipulizie kama pompi? Inuka. Beba simu. Beba na kiti. Munipeleke kando."

Nikainuka. Simu mkono mmoja, kiti cha plastiki mkono mwingine, uso wangu bado ndani ya picha ili Soko lisilalamike, nikazunguka nyumba. Wazee walikuwa wamesimama duara kati ya migomba, vichwa karibu. Nikaweka kiti katikati, simu juu yake, nikachuchumaa pembeni.

"Ni nini hii?" baba mdogo akashtuka.

"Ni miye mukubwa wako," shangazi akajibu kutoka kwenye kiti. "Endelea."

Baba mdogo akainama, akanong'oneza: "Kijana iko muzuri. Mbuzi ya tano ni kiwete, mais tusiseme. Tujifanye tumekasirika kidogo, tukae hapa dakika kumi, halafu tuitike."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Na sekunde chache baadaye, kutoka upande wa pili wa nyumba, ikalipuka shangwe kama ya goli.

Tulitazamana. Halafu ikaja sauti ya msemaji wao, ikivuka juu ya paa: "Baba! Mukasirike haraka, njaa iko!"

Ndipo nikaelewa kosa langu. Tulipowaacha uani bila kitu cha kutazama, wakwe walifanya ambacho kila mtu angefanya: walifungua laivu. Ukoo mzima wa Kayna ulikuwa ndani ya siri yetu, mita kumi kutoka hapo, kila neno likiwafikia limechelewa kidogo. Baba mdogo akaruka kuikamata simu aizime.

"Wacha!" shangazi akasema. "Wacha basikie. Maneno ya kweli haina haya. Weye," na nilijua ananiita mimi, "ni weye ulimulea. Unasema nini?"

Wazee wakanigeukia. Nilikuwa nimechuchumaa bado. Miaka yote niliyofikiria siku hii nilikuwa na hotuba, ilipofika sikuipata. Nikasema nilichokiona.

"Alikuja kwetu mara tatu, yule kijana. Kila mara, akidhani niko kwa mashini na sioni, alienda kumusaidia mudogo wangu kuosha vyombo. Mara ya tatu alivunja sahani. Alisema mwenyewe. Hakuificha. Miye naitika."

Nilihesabu moyoni, kwani sasa nilijua laivu inachelewa kiasi gani: moja, mbili, tatu, nne. Ndipo upande wa pili vigelegele vikapanda, vya mwanamke mmoja kwanza, baadaye nikaambiwa ni mama wa kijana, kisha vya wote. Baba mdogo akavua kofia, akajipepea.

"Bon," akasema. "Hata kukasirika banatunyima."

Tulirudi uani kwa maandamano, mimi mbele na shangazi mikononi, nikamrudisha juu ya cherehani. Mdogo wangu akatolewa chumbani, akasimama mbele ya cherehani ya mama, akanyoosha mikono kuelekea simu. Kijana akasimama karibu yake na kugeuza uso vizuri, jinsi nilivyomwelekeza, ili mwanga usiwe nyuma yake. Shangazi akamtazama muda mrefu.

"Ndiye wa sahani?"

"Ndiye miye, shangazi."

"Utanunua ingine."

Akaomba maji. Mkono wa mdogo wetu wa kiume ukaingia na chupa. Shangazi akanywa, akajaza mashavu, na mimi mara moja nikapitia nguzo zote tatu kichwani, mlango, muziki, damu, pombe, watoto, kiti. Kupulizia maji hakuna nyumba iliyokataza. Akapuliza.

Huko Beni maji yaliipiga simu yenyewe. Tulisikia mdogo wetu wa kiume anapiga kelele, "Shangazi, simu yangu!" Dirisha likajaa matone, uso wa shangazi ukayeyuka nyuma yake, unacheka, hauonekani vizuri tena. Na hapa Butembo, chini ya shitingi kavu, mdogo wangu alifumba macho, akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono na uso kwa pindo la kikwembe nilichomshonea.